Dark Souls II: Maswali Wanayoulizwa Wanaoitetea

Kila nikisema kwamba katika mfululizo wote wa gemu za video za Souls naipenda zaidi Dark Souls II, kuna mtu atacheka kwanza, halafu maswali yaanze. Ni yale yale tangu 2014. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, nipate kupumzika. Kuitetea gemu si kuifumbia macho. Mengine nayakubali, na kuna moja mawili nayachukia kuliko unavyoyachukia wewe.

Kwani ugomvi ni wa nini? Si ilipata alama za juu?

Ilipata. Ilitoka Machi 2014 kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, ikafuata kompyuta mwezi Aprili, na wahakiki wakaipa alama zilizotulia kwenye 91 kati ya 100 pale Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Ugomvi ulitoka kwa wachezaji, hasa wale waliokuwa wameimaliza Dark Souls ya 2011 mara tano, mara kumi, hadi wanajua adui yupi kajificha nyuma ya pipa lipi. Walikuja na mikono iliyozoea gemu moja wakakuta gemu nyingine yenye jina lilelile. Sehemu kubwa ya lawama ukiichambua utakuta inasema "hii si ile". Ni kweli, si ile. Lakini zipo lawama zenye msingi wake, na hizo tutazifikia.

Ni kweli ilitengenezwa na "timu B"?

Jina hilo lilitungwa kwa dharau na limeganda. Kilichotokea ni kwamba Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza gemu ya kwanza, alikuwa ameshika kazi ya Bloodborne, gemu nyingine iliyotoka 2015, kwa hiyo huku alibaki msimamizi. Uongozi ukawa wa Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura. Baadaye Tanimura alikuja kueleza kwamba kazi iliyumba njiani kiasi cha gemu nzima kulazimika kufikiriwa upya katikati ya safari. Ukilijua hilo, mishono unayoiona kwenye ramani inaeleweka, ingawa haipendezi zaidi kwa sababu hiyo.

Ila sasa mfuate huyo Tanimura. Mwaka 2016 jina lake limo kati ya wakurugenzi wa Dark Souls III. Mwaka 2022 ameongoza Elden Ring bega kwa bega na Miyazaki. Mtu anayeiita Elden Ring gemu bora ya maisha yake, kisha akaguna akisikia "timu B", anamguna mtu yuleyule.

Nabiringika kwa wakati, silaha inapita hewani, bado naumia. Gemu imeharibika?

Haijaharibika, imekuficha jambo. Na kwa kukuficha, niko upande wako.

Kuna takwimu inaitwa Adaptability. Ukiipandisha, inainua nyingine inayoitwa Agility (Attunement nayo husukuma kidogo). Agility ndiyo inayoamua, unapobiringika, ni kwa muda gani pigo linakupita bila kukugusa. Mhusika mwenye Agility ya 85 ana fremu 5 tu za usalama (fremu ni picha moja ya mwendo), nazo zinahesabiwa 30 kwa sekunde. Yaani sehemu moja ya sita ya sekunde! Ukiifikisha 105 unapata fremu 13. Hapo ni kama umebadilisha gemu. Hata kunywa Estus, chupa ya kurudisha uhai, kunakuwa kwa haraka zaidi, nalo hilo hukuambiwa.

Mimi nilivuka karibu nusu ya safari bila kujua haya. Nilidhani mikono yangu imezeeka. Nilipopandisha Adaptability kwa mara ya kwanza, nikaenda kwa adui mmoja mwenye shoka aliyekuwa akinisumbua, nikabiringika, shoka likapita, nikabaki nimeduwaa nikasahau kumpiga.

Kwa hiyo kosa lipo: jambo zito kiasi hiki lilistahili sentensi moja pale unapopandisha levo. Lakini wazo lenyewe silioni baya. Katika gemu ya kwanza, aliyevaa chuma kizito alibiringika kama gunia, basi, imekwisha, kila mtu akakimbilia kuvaa vitambaa. Hapa, mradi mzigo wako haujapita asilimia 70, chuma chako hakikuibii fremu hata moja. Kinakupunguzia umbali wa kubiringika na kasi ya pumzi kurudi. Unaweza kuwa jitu la deraya na bado ukakwepa, ilimradi umelipia kwa levo. Na ukiamua kutolipia, beba ngao nzuri. Ngao hapa ni za kweli, si pambo.

Maadui ni wengi mno. Wanakuja kundi zima!

Hii ndiyo lawama kubwa, na ndiyo ninayoipenda kuijibu.

Chukua bandari ya No-man's Wharf. Ukiingia kama ulivyozoea, yaani mbio, ngao juu, unalenga adui mmoja na kumfuata, utakuwa na watu saba mgongoni kabla hujafika kwenye ngazi, na wengine wanakurushia mishale kutoka juu ya mapaa. Utakufa. Utarudi. Utakufa tena. Utasema gemu haina haki.

Sasa ingia tena, safari hii na mwenge. Kwenye nyumba za pale kuna viumbe weusi wenye mikono mirefu ambao mwanga wanauogopa kweli, wanarudi nyuma wakijificha uso. Mwenge unashikwa mkono wa kushoto, kwa hiyo umeuacha ulinzi wa ngao ili uone na uogopwe. Hapo umepewa uamuzi wa maana kwa kijiti cha moto tu. Juu zaidi kuna taa kubwa unayoweza kuiwasha kwa jiwe la Pharros, na ukiiwasha sehemu nzima inang'aa. Wale wapiga mishale unawashusha mmoja mmoja kwa upinde wako mwenyewe. Bandari ileile iliyokuwa jehanamu inageuka kuwa kazi ya uwindaji.

Au Ruin Sentinels, wale walinzi watatu wa Lost Bastille. Unaposhuka, unatua kwenye jukwaa dogo na mmoja wao yuko pale pale. Wengi hushtuka, wakabiringika, wakaanguka chini walipo wenzake wawili. Kaa juu! Mmalize wa kwanza palepale kwenye jukwaa, uso kwa uso. Wakija waliobaki, unashughulika na wawili badala ya watatu, na huo ndio utofauti wote.

Gemu hii inakutaka uende polepole, utazame chumba kabla ya kukiingia, umvute adui mmoja kwa mshale. Anayeingia kichwa kichwa anaadhibiwa. Naelewa kwa nini mtu asipende mwendo huo. Nisichokubali ni kusema hakukuwa na fikra ndani yake.

Na hapo hapo niseme kinyume changu: kwenye kasri la Iron Keep, hasa katika Scholar, toleo lililopangwa upya la 2015, wale askari wa Alonne wamemwagwa kama mchele. Sina la kujibu.

Kwa nini uhai wangu unapungua kila nikifa?

Ni laana, ndivyo hadithi inavyotaka. Kila kifo kinakata asilimia 5 ya uhai wa juu kabisa, hadi unabaki na nusu. Nenda Heide's Tower of Flame mapema ukachukue Ring of Binding. Ukiivaa hutashuka chini ya robo tatu. Gemu ya kwanza kabisa ya ukoo huu, Demon's Souls ya 2009, ilikukata nusu ya uhai kwa kifo kimoja na watu wanaiimbia sifa.

Maadui wametoweka njiani. Nimevunja kitu?

Hapana. Ukiua adui yuleyule mara kumi na kadhaa, harudi tena. Aliyekwama kwa bosi, yaani adui mkuu wa eneo, anasafishiwa njia polepole, na mimi naona ni huruma iliyojificha ndani ya gemu inayoitwa katili. Usipoitaka, jiunge na agano (kundi lenye masharti yake) la Company of Champions pale Majula, kijiji unachorudia kila mara. Maadui watarudi bila kikomo na watakuwa wagumu zaidi. Au choma Bonfire Ascetic kwenye moto wa kupumzikia: eneo lile, na bosi wake, litarudi likiwa na nguvu za mzunguko unaofuata. Nimewahi kumrudia bosi mmoja mara nne kwa njia hiyo kwa sababu tu napenda kupigana naye.

Na ile lifti?

Nilijua itakuja. Kwa asiyejua: unapanda kinu cha upepo cha Earthen Peak hadi kileleni, unamuua bosi, unaingia kwenye lifti, lifti inapanda *juu*, na unatokea kwenye kasri lililozama katika ziwa la lava. Kutoka nje ulikotazama, juu ya kile kinu hapakuwa na kitu ila mawingu.

Kuna watetezi wenzangu wanaosema ni makusudi, kwamba ufalme wa Drangleic ni kumbukumbu iliyovurugika na kwa hiyo jiografia nayo imevurugika. Naheshimu juhudi. Ila mimi nadhani ni mshono wa gemu iliyofikiriwa upya katikati, kama alivyosema mwenyewe aliyeiongoza. Kitu fulani kilipaswa kuwa kati ya kinu na kasri, hakikuwepo, wakaunganisha.

Ninachokikataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa sababu ya lifti moja ulimwengu wote haufai. Simama Majula. Kuna njia ya msitu wa majitu. Kuna njia ya bahari kuelekea Heide. Kuna mlango wa mzunguko utakaougeuziwa na Licia ukimlipa. Kuna mwanamke aliyegeuka jiwe anayeziba njia ya Shaded Woods. Na katikati ya kijiji kuna shimo jeusi ambalo unaweza kulirukia siku ya kwanza kabisa ukijidai jasiri, ukafa kwa kishindo, na baadaye ukalirudia na ngazi au pete ya paka inayopunguza maumivu ya kuanguka ukashuka ngazi kwa ngazi hadi Gutter. Gemu inakuachia uhuru mapema kuliko dada yake mkubwa. Haikufungi kwa kamba, inakuuliza tu, unaanzia wapi?

Mabosi si wanyonge? Wote ni mtu mmoja mwenye deraya.

Wapo zaidi ya 40 ukihesabu na nyongeza, na katika umati huo wapo wa kusahaulika. Covetous Demon ni gunia la mafuta. Prowling Magus ni mkutano wa waumini wachovu, unawapita kama unavuka barabara. Dragonrider ukicheza naye vibaya sana anaweza kuanguka majini mwenyewe. Old Iron King ana shimo kwenye uwanja wake lililoua wachezaji wengi kuliko yeye.

Lakini mtazame Looking Glass Knight. Mvua inanyesha, radi inapiga, mbele yako kuna shujaa mwenye ngao iliyo kioo. Katikati ya pambano anaisimika ngao chini, kioo kinaanza kupasuka kutoka ndani, na anayetoka anaweza kuwa mchezaji mwingine halisi, mtu aliyekaa kwenye kochi lake mahali fulani, aliyeitwa aje akuue. Mara ya kwanza nilidhani ni adui wa kompyuta hadi aliponiinamia kwa heshima kabla ya kuanza.

Au Mytha, malkia anayekaa kwenye sumu inayomponya yeye na kukuua wewe. Ukijiuliza ile sumu inatoka wapi, utarudi nje, utautazama ule upepo unaozungusha kinu, utaushika mwenge, na utakichoma kinu chenyewe. Sumu inakauka. Hakuna anayekuelekeza. Nakubali kwamba wengi hawakuligundua wenyewe. Mimi pia nilinong'onezwa.

Soul Memory. Itetee hiyo, tuone.

Siitetei. Kuwakutanisha wachezaji mtandaoni kwa jumla ya roho zote (ndizo fedha za gemu hii) walizowahi kuokota, ziwe zimetumika au zimepotea, ni kumwadhibu anayekufa sana na anayependa kukaa. Rafiki aliyeanza nawe siku moja, baada ya wiki mbili hamwonani. Waliongeza pete ya Agape inayozimeza roho zisihesabiwe, na ipo pete ya Name-engraved kwa wanaotaka kuitana, lakini kuweka kiraka ni kukiri kwamba nguo imetoboka.

Cha ajabu ni kwamba juu ya mfumo mbovu huo kulijengwa mapigano bora ya mchezaji kwa mchezaji katika mfululizo mzima, kwa maoni yangu. Silaha chungu nzima zenye mienendo tofauti, pete nne badala ya mbili, daraja la Iron Keep lililogeuka uwanja wa heshima bila mtu kulitangaza. Na Rat King! Agano ambalo *wewe* humvamii mtu, bali yeye ndiye anavutwa kwenye handaki lako, ambako umeshatega mitego na panya wako wanamsubiri.

Walitudanganya kwenye picha?

Maonyesho ya awali yalikuwa na mwanga na giza ambavyo gemu iliyouzwa haikuwa navyo. Aliyekasirika alikuwa na haki. Ilikuwa imepangwa mwenge uwe wa lazima, giza liwe giza, na katika gemu ya mwisho sehemu nyingi unaziona vizuri tu bila mwenge. Toleo la Scholar lilirekebisha sehemu, si zote.

Kwenye kompyuta kulikuwa na aibu nyingine: silaha ziliharibika mara mbili haraka kwa sababu hesabu ilifungwa kwenye kasi ya fremu, na kompyuta ilikimbiza 60 badala ya 30. Marekebisho yalikuja 2015, mwaka mzima baadaye.

Nicheze toleo gani, la awali au Scholar of the First Sin?

Scholar, lililotoka Aprili 2015, kwa sababu ndilo linalopatikana kirahisi, lina nyongeza zote tatu ndani, na seva zake za kompyuta, zilizozimwa Januari 2022 kwa sababu ya tundu la usalama, zilirudishwa Oktoba mwaka huohuo. Limepanga upya maadui. Heide, kwa mfano, mashujaa wamekaa kimya wakikutazama, hawakugusi hadi uwachokoze au umuue bosi wao, na joka limewekwa mlangoni kwa Old Dragonslayer. Pursuer, bosi anayekuwinda, naye anakutokea mahali usipomtarajia.

Kwa siri, mpangilio wa awali kwa mtu anayeanza ulikuwa na mwendo mzuri zaidi. Lakini Scholar lina Aldia tangu mwanzo, msomi aliyelipa toleo hili jina, na bila Aldia hadithi haina mwisho wa kuridhisha.

Hadithi yenyewe inahusu nini? Mimi niliona watu wanaonung'unika tu.

Inahusu kusahau. Gemu ya kwanza ilizungumzia moto unaozimika. Hii inauliza inakuwaje kwa mtu moto unapozimika ndani yake.

Fundi chuma wa Majula, Lenigrast, unamkuta amekaa nje ya karakana yake. Hawezi kuingia, hana ufunguo. Ufunguo unaununua kwa Melentia, bibi mchuuzi, ukamfungulie mwenye mali mlango wake. Wachezaji huona ni kazi ndogo ya kufungua duka. Mimi kila nikianza upya naona mzee aliyekaa mlangoni kwake asijue atafanya nini.

Kisha kuna Lucatiel wa Mirrah. Unakutana naye kule bandarini, mwanamke wa vita mwenye barakoa, anamtafuta kaka yake. Ukimkuta tena, maneno yake yana matundu. Mara nyingine hana hakika alikuwa anasema nini. Mwisho anakuomba jambo moja, umkumbuke jina, kwa sababu yeye mwenyewe huenda asilikumbuke. Sijui gemu nyingine iliyoweza kunifanya niandike jina la mhusika kwenye karatasi.

Na Vendrick. Nusu ya gemu unaambiwa umtafute mfalme. Unavuka kaburi la Undead Crypt, unamshinda mlinzi wake mwaminifu Velstadt, unaingia chumba cha mwisho, moyo unadunda, na unakuta jitu lililo uchi linaburuta upanga likizunguka chumba. Mavazi yake yamewekwa kando. Hakutazami. Ukichukua pete yake ukaondoka, hatakufuata. Ukitaka kumuua lazima urudi na roho za majitu, kila moja inapunguza ugumu wake. Wengi tulirudi. Baada ya kumwangusha nilijiuliza nimemuua wa nini.

Iliacha nini kwa zilizofuata?

Mengi kuliko inavyosifiwa. Kushika silaha mbili zikapiga pamoja kwa mtindo wake maalumu kulianza hapa, kwa masharti ya kuwa na mara moja na nusu ya takwimu zinazotakiwa. Dark Souls III ikalitupa, Elden Ring ikalirudisha na watu wakashangilia kana kwamba ni jipya. Kurudisha levo zako zote na kuzipanga upya kulianza hapa kwa Soul Vessel. Dark Souls ilikunyima safari za haraka hadi katikati ya gemu. Hii ilikupa tangu moto wa kwanza, na zilizofuata zikaiga.

Na mzunguko wa pili. Hapa ukianza upya maadui hawaongezewi nguvu tu, wanaongezeka wapya, mashetani mekundu mahali palipokuwa shwari. Lost Sinner, bosi uliyezoea kumkuta peke yake gizani, anakuja na wachawi wawili wa moto. Hakuna nyingine katika mfululizo iliyojisumbua hivyo.

Nyongeza tatu zinafaa?

Hata wanaoichukia gemu hukubali hapa. Zilitoka Julai, Agosti na Septemba 2014. Shulva ni mji uliozama ambao unaupiga kwa mshale kuinua na kushusha majengo hadi upate njia. Brume Tower ni mnara wa majivu unaoushuka kwa minyororo, na ndani yake kuna Fume Knight na Sir Alonne, mapambano mawili ninayoyaweka juu ya mengi ya gemu ya kwanza. Eleum Loyce umegandishwa na dhoruba. Ukiituliza dhoruba unarudi njia uliyopita ukaikuta imefunguka upya, unakusanya mashujaa waliopotea, na wanaruka nawe kwenye pambano la mwisho. Ukipata mataji yote na kumrudia Vendrick kwenye kumbukumbu yake, taji lolote kati ya hayo ukilivaa laana haikuondolei tena ubinadamu. Kwa gemu inayozungumzia kusahau, sijui zawadi gani ingefaa zaidi.

Sehemu gani hata wewe huwezi kuitetea?

Frigid Outskirts. Uwanja wa theluji, huoni hatua kumi mbele, farasi wenye umeme wanakuja wawili wawili, na mwisho wa safari bosi uliyekwisha kumuua, sasa wako wawili. Sitaki hata kuizungumzia.

Naanza leo. Nifanye nini?

Pandisha Adaptability hadi Agility ifike angalau 99. Nunua Lifegem, vito vya kurudisha uhai, kwa Melentia, nyingi, kwa sababu Estus unaanza nayo moja tu. Beba rungu, maadui wengi wana chuma na rungu halijali chuma. Ukiona ngome usiyoiweza, geuka uende kwingine, njia zipo. Pale Things Betwixt, mwanzoni kabisa, kuna jeneza. Ukilala ndani unatoka na jinsia nyingine. Halikusaidii kitu, ila ni la kuchekesha.

Nimeianza mara tatu, nikaiacha mara tatu. Nijilazimishe?

Usijilazimishe. Ila kama utajaribu ya nne, fanya hivi. Ukifika Majula jioni ile isiyokwisha, usikimbilie njia yoyote. Kaa motoni. Mfungulie mzee karakana yake. Zungumza na paka wa pale anayesema mpaka aanze kurudia maneno. Halafu shuka bandarini ukiwa na mwenge, na ukimkuta mwanamke mwenye barakoa, kila unapoona alama yake mlangoni kwa bosi, mwite, na umlinde asife. Mabosi watatu wanatosha. Kisha uende Aldia's Keep ukamtafute. Ukimaliza njoo uniambie jina lake ni nani.